Pipa Lisiloingia Kiluwiluwi

Mikindani,
6 Aprili 2025

Mwanangu Ruth,

Bwana asifiwe. Barua hii uisome umekaa, na karatasi uishike kwa mikono miwili, maana Kioko, dereva wenu, ananiambia upepo wa huko kwenu hupeperusha hata sahani. Sisi huku tumeamka salama. Mvua imeanza wiki iliyopita na ploti imekuwa tope tupu. Mwanatatu wa Jomvu Kuu anakusalimu na anauliza kama utaolewa na mchimba visima. Quinter wa chumba cha tatu amejifungua mtoto wa kike mwenye nywele nyingi kama wigi, nimempelekea uji siku saba mfululizo, nisije nikasemwa.

Mume wangu Kai naye anakua. Najua unacheka nikimwita mume, lakini kabeba jina la marehemu babako, nimwiteje? Ana miaka minne na anavaa kaptura ya miaka sita. Akiulizwa mamako yuko wapi hujibu, "Anachimba maji jangwani." Nimemwambia wewe unawapikia wachimbaji, hataki. Na mimi kanisani nasema kama anavyosema yeye, usinikosoe.

Sasa sikiliza. Mamako amechaguliwa. Tarehe nane mwezi wa sita, kina mama wa kanisa letu wana Jumapili ya mazingira, na wanataka mtu wa kuwafundisha jinsi ya kuishi bila kuharibu na bila pesa nyingi. Mke wa mchungaji amezunguka Mikindani nzima, na kwa nani aliketi? Kwangu. Nilimwonyesha makaa yangu ya vumbi, ninavyookota ungaunga wa makaa kwa muuzaji, nachanganya na udongo na karatasi zilizolowekwa, nafinyanga, naanika. Nikamwonyesha kikapu cha kuivishia maharage: nayachemsha kidogo tu, nayafunika kwa matambara humo, mimi naenda zangu kanisani, nikirudi yameiva yenyewe. Mchicha wangu uko kwenye magunia, unakunywa maji ya kuoshea mchele. Alisema, "Mama Ruth, wewe hutupi kitu?" Nikamwambia, mimi hata jina baya silitupi, naligeuza utani.

Lakini kilichomtoa macho ni pipa. Lile la buluu tulilolisukuma mimi na wewe Januari kutoka kwa yule mwenye mkokoteni aliyelitoa godauni, wewe ukalikwangua karatasi yake kwa kisu likabaki safi kama yai. Sasa limejaa maji ya mvua mpaka mdomoni. Tangu mvua ianze sijanunua mtungi hata mmoja wa maji, na nyumba nne zinachota kwangu. Na uone ajabu: mapipa ya ploti nzima yana viluwiluwi vinachezacheza, mbu wanazaana humo kama kwao. La kwangu hakiingii hata kimoja. Mke wa mchungaji aliinama na tochi ya simu akatafuta, akakosa. "Umeweka nini humu?" Nikamwambia, usafi.

Kai ana kihoma cha mvua, anatapika kidogo asubuhi. Si cha kukutoa usingizi. Kula vizuri, na hao wanaume wakisifu chakula uwaambie ulifundishwa na nani.

Mimi niliyekuzaa,
Kafedha

*

Kambi ya Visima, kaskazini ya Marsabit,
29 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi mmepata mvua. Sisi huku tunaisikia kwenye redio tu. Mimi ni mzima, midomo ndiyo imepasuka kwa jua. Tumechimba mita mia na arobaini tukapata maji, lakini yana chumvi, na wenyeji wamerudi na ngamia wao. Kwa Mwanatatu mwambie wachimbaji wote wana wake. Umbusu Kai kwenye kisogo, pale anapopenda.

Hongera kwa kuchaguliwa. Ulistahili.

Mama, lile pipa lilikuwa na nini kabla halijafika kwetu?

Nauliza kwa sababu fundi wetu, mzee Wafula, haruhusu tuteke maji kwa chombo kisichojulikana kilikotoka. Hata kiwe kizuri vipi. Jana wakati wa chai nilimuuliza, bila kusema ni kwetu, maji ya mvua yanayokaa wiki nyingi bila kiluwiluwi ni maji ya namna gani. Aliweka kikombe chini. Akaniuliza, "Na wanayanywa?" Nikakusanya vikombe. Akasema, "Maji ambayo mdudu mdogo vile hawezi kuishi ndani yake, binti yangu, mtoto ataishi nayo vipi?"

Tafadhali yamwage. Kai asiyanywe, asioge, wala mchicha usinyweshwe. Nimemwomba Kioko akupigie simu mara tu gari likipata mtandao Marsabit, akuambie haya kabla ya barua. Kutapika kwake kumekwisha?

Mwanao,
Ruth

*

Mikindani,
18 Mei 2025

Mwanangu Ruth,

Salamu zako zimefika zote na nimezigawa. Huku tuko vizuri. Paa la Quinter limevuja, tumeliziba kwa gunia na lami. Shemeji yako wa Mariakani amenunua pikipiki na tayari ameanguka nayo. Magunia yangu ya mchicha yamekuwa manane, watu wanasimama njiani kuangalia.

Kioko alinipigia. Nilimwambia nimesikia, na kweli nimesikia.

Lakini Ruth, niruhusu nishangae. Nimelea watoto wanne kwa maji ya kisima cha kijijini, yenye majani na vyura, na hakuna aliyekufa kwa maji. Nimekusomesha wewe hadi kidato cha nne kwa kuuza mahamri. Leo mtu ambaye hajui hata mlango wangu uko upande gani anakunywa chai huko jangwani, anahukumu pipa langu.

Sasa nikueleze nilivyolisafisha, umweleze na yeye, labda atajifunza. Kwanza nilisugua kwa mchanga wa pwani na majivu. Pili kwa ndimu, kilo mbili nzima. Nikaliweka juani siku tatu limefunuka mdomo. Harufu ikabaki kidogo, siwezi kukudanganya, kama ya dawa ya kupulizia nyumba. Ndipo Mwanatatu alipokuja na chetezo chake. Unajua wenyewe wa Jomvu Kuu tangu zamani hawanywi maji ya mtungi ambao haukufukizwa. Tukaliinamisha pipa juu ya mawe matatu, ubani ukafuka ndani. Mara ya kwanza tukanusa, bado. Mara ya pili, bado kidogo. Mara ya tatu Mwanatatu akaingiza kichwa chote akatoka anacheka. "Wallahi Kafedha, hili sasa hata bibi harusi aweza kulilalia!" Harufu ikishatoka, kilichokuwa kinanuka kimebaki wapi?

Maji yenyewe ni matamu, yana ubani kwa mbali. Kina mama wanapanga foleni. Nikiyamwaga leo nitamwambia nini mke wa mchungaji? Kwamba mwalimu mliyemchagua alikuwa anawanywesha uchafu? Tarehe nane imekaribia na tayari nimeshonesha leso ya sare.

Kai ametulia siku hizi, hasumbui, analala sana. Anatokwa na mate na jasho kama mtoto anayeota meno. Mwanatatu anasema ni minyoo, tumempa dawa ya minyoo.

Usimnunie mamako kwa mbali. Ukinuna, nuna ukija, nikuone.

Kafedha

*

Kambini,
2 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Gari linaondoka sasa hivi, Kioko amewasha injini.

Hukunijibu kama umeacha kumpa Kai yale maji. Umeniandikia kurasa mbili na hilo hukuliandika.

Jasho, mate, usingizi: nimemsomea mzee Wafula. Amesema mpeleke hospitali leo, siyo kesho, na umwambie daktari habari za pipa. Na usiyamwage kama nilivyokuandikia mwanzo, yatateremka mpaka kwenye mkondo wa bahari kule wanakovua. Lifunike, ulifunge kamba, mtu asichote.

Leo, Mama. Nakusihi.

Ruth

*

Mikindani,
22 Juni 2025

Mwanangu mpenzi Ruth,

Mungu ni mwema wakati wote. Natumai umeamka na afya. Huku mvua imekatika na baridi ya asubuhi imeingia.

Kabla ya yote ujue Kai yuko nyumbani, yuko hapa pembeni yangu, anachora ng'ombe wenye miguu mitano nyuma ya kalenda. Sasa naweza kukueleza.

Alilazwa. Siku kumi na moja. Ilianza Jumapili ile ile ya kanisa. Nilikuwa nimesimama mbele, leso yangu ya sare, meza imejaa: makaa ya vumbi, kikapu, mchicha. Nilileta na jagi la maji yetu ili kina mama waonje. Wengine walionja. Kai alikuwa na kiu, jua lilikuwa kali, akaja akavuta leso yangu, nikampa kikombe. Akaomba tena, nikampa tena, na watu wakacheka jinsi anavyokunywa kama ngamia. Haikupita saa moja. Alianza kutapika, akajikojolea, miguu ikakataa kumbeba, kifua kikawa kinakoroma maji. Mwanatatu hakuwa mtu wa kanisa letu lakini alikuwa nje ananingojea. Ndiye aliyempakata hadi kwenye tuktuk.

Daktari alimfungua macho akayamulika. Mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Akaniuliza, "Mtoto anakunywa nini?" Nikasema maji ya mvua. "Yanakaa kwenye nini?" Mwanatatu ndiye aliyejibu. Yule daktari hakunifokea. Alisema hiyo ni dawa ya kuua wadudu, kwamba plastiki huinywa na kuitoa polepole, na kwamba hakuna ndimu wala majivu yanayoifikia ilikojificha. Kisha akatoka mbio kwenda kuita wenzake.

Walionja kikombe kimoja kimoja wale kina mama, wote wazima, tumewauliza.

Barua yako ya tarehe mbili ilichelewa. Ingefika mapema ningefanya ulivyosema.

Mkono wa kushoto wa Kai bado unatetemeka anaposhika kikombe. Daktari anasema huenda utaisha. Amesema huenda.

Mamako

*

Kambini,
9 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulize habari gani.

Kioko alipokuwa akipakua mafuta nilisoma barua yako nyuma ya gari. Akaniambia, "Dada, panda twende, mizigo yako nitaileta baadaye." Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi ya gari. Nikashuka. Alidhani naogopa kupoteza kazi, nikamwacha adhani hivyo.

Mama, niliisoma ile karatasi.

Unakumbuka Januari, umenipa kisu nikwangue, wewe umeenda kutafuta mchanga? Haikutoka yote mara moja. Ilikuwa na fuvu dogo jeusi. Pembeni yake kulikuwa na picha ya samaki amelala chali na mti uliokauka. Chini maneno ya Kiingereza, na kidato cha nne nilikimaliza, nilielewa. Niliishika mkononi nikakutazama. Ulikuwa unarudi na ndoo ya mchanga unaimba, unawaambia wanawake wa bombani, "Mwanangu kabla hajaondoka kanipatia pipa!" Na mimi sikuwa nimekupatia chochote. Nilikuwa nimekaa kwako miezi saba bila kazi, nakula mchicha wako. Nilijiambia litaoshwa. Nilijiambia ni la kufulia tu. Nikaikunja ile karatasi nikaitia jikoni ikaungua.

Nilipokuuliza lilikuwa na nini, nilikuwa najua. Nilitaka wewe ndiye uliseme, ili liwe kosa lako.

Nitakuja na gari la mwezi wa nane. Nimeomba ruhusa, na wasiponipa nitakuja vile vile. Kama hutaki kuniona mwambie Kioko, nitashukia Mariakani kwa shemeji, nije nimwone Kai siku utakayosema wewe.

Ruth

*

Mikindani,
3 Agosti 2025

Ruth wangu,

Barua hii nampa Kioko akuletee, na gari hilo hilo ndilo likulete. Isome njiani kabla hujaniona uso.

Wote huku wazima. Mtoto wa Quinter alikuwa na ukurutu mgongoni, nguo zake zilifuliwa kwa maji yangu, umeanza kukauka. Magunia ya mchicha nimeyang'oa yote manane.

Sasa na mimi nina langu. Barua yako haikuchelewa. Kioko aliileta Jumamosi saa kumi alasiri, tarehe saba, nikiwa napiga pasi leso. Niliisoma nimesimama. Niliisoma mara mbili. Nikaiweka ndani ya Biblia nikasema moyoni, Jumatatu. Kesho nifundishe kwanza, Jumatatu nitampeleka, Jumatatu nitalifunika. Siku moja na nusu tu, Ruth. Na asubuhi yake nikalijaza jagi kwa mikono yangu hii, nikijua ulichoandika.

Na harufu niliisikia. Mtu hafukizi mara tatu chombo kisichonuka.

Kwa hiyo usishukie Mariakani. Tukianza kupimana makosa mimi na wewe, hatutapata nafasi ya kumlea huyu.

Nimepita nyumba zote nne. Nilikwenda peke yangu, bila Mwanatatu, maana yeye angenitetea. Kwa Quinter nilikwenda mwisho kwa kuogopa. Nilimwambia yote, hata ya Jumamosi. Aliichukua ndoo niliyokuwa nikimtekea maji akaiweka nje ya mlango, akafunga. Wiki mbili hakunisalimu. Kanisani nako nilisimama pale pale nilipofundishia, nikawaambia: makaa fanyeni, kikapu fanyeni, lakini chombo msichojua kilibeba nini msikiingize kwenu, hata mkipewa bure, na hasa mkipewa bure. Mke wa mchungaji alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshamaliza.

Pipa lipo bado, limejaa vile vile. Nimelifunga mfuniko kwa waya na kamba, nimelizungushia magunia. Wanaohusika na sumu wameahidi kuja na gari lao na glavu zao. Mpaka waje, nalilinda. Nikilimwaga, maji yanateremka hadi mkondoni kwa wavuvi wa kina Mwanatatu. Nikilitoa, wiki ijayo liko kwa mama mwingine Changamwe, limekwanguliwa upya, linang'aa. Nakaa nalo hapa kizingitini, nasuka kikapu, na anayelikaribia namuuliza anataka nini.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta rangi ya kuliandika, sina. Mlango wa Quinter ukafunguka. Akaja, akanipa chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu. Nimeandika SUMU, herufi kubwa kila upande, chupa ikaisha. Kai aliniuliza ni jina la nani hilo. Anakunywa kwa mikono miwili siku hizi, kikombe hakimwagiki sana.

Jana akapita mnunuzi wa plastiki wa mtaani na mkokoteni wake. Akaliona. "Mama Ruth, hilo nitakupa bei nzuri." Nikamwambia haliuzwi. Akasema basi nimpe tu, litamfaa mtu. Nikamwambia halitolewi. Akacheka, "Kwani sivyo, wewe si ndiye hutupi kitu?"

Nikamwambia, "Ndiye mimi. Na hili ndilo sitalitupa kabisa." Nikarudi kukaa juu ya kigoda changu, mgongo nimeuegemeza pipani, nakungoja.

Mamako,
Kafedha